Mlango Uliovimba Miaka Mia

Kwenye kanisa lile la mtaa wa zamani, mtu akichelewa Misa hana pa kujificha. Makanisa mengine yana mlango nyuma: unanyata, unajibanza kwenye benchi la mwisho, unainamisha kichwa kana kwamba ulikuwepo tangu ishara ya msalaba. Pale wapi! Watu wote huingilia mlango mdogo wa ubavuni, na mlango huo unatokea karibu kabisa na altare, mbele ya macho ya waumini wote. Ukichelewa, unaibuka kama mtangazaji wa taarifa ya habari. Na ukishaibuka tu, kanisa zima, kuanzia wazee wa mbele mpaka watoto wa mafundisho, linakukoholea. Kikohozi kimoja, cha pamoja, cha heshima. Nani alikianzisha hajulikani. Maparoko wamehubiri dhidi yake weee, na siku walipochelewa wenyewe wakakoholewa vilevile.

Chiriku alikuwa amekoholewa kuliko mtu yeyote aliye hai. Jina lake la ubatizo lilibaki kwenye cheti. Mtaa mzima ulimwita Chiriku kwa sababu mdomo wake, kama wa ndege huyo, haukuwa na siku ya mapumziko. Alikuwa amemaliza sekondari, na sasa alimsaidia babu yake seremala kwenye karakana: kupiga msasa, kupaka vanishi, na kuwapiga soga wateja wasahau kwamba kabati lao lilitakiwa kuwa tayari mwezi uliopita. Kazi ya tatu ndiyo aliyoifanya kwa kipaji.

Ndiyo maana kanisa lilipokaribia kutimiza miaka mia, na Askofu akakubali kuja kwenye jubilei, Paroko alimwita.

"Chiriku, wewe ndiye utakayemsimulia Askofu historia ya kanisa."

"Mimi? Baba Paroko, si kuna katekista?"

"Katekista akishika kipaza sauti anasinzia kabla ya wasikilizaji. Wewe una mdomo."

"Hiyo ni sifa au ni kitubio?"

"Tutajua siku hiyo," alisema Paroko, akafuta miwani yake kwa pindo la kanzu.

Historia yenyewe kila mtu mtaani aliijua, ila kila mtu na chumvi yake. Ukiipangusa chumvi, inabaki hivi. Kanisa lilijengwa enzi za wakoloni, mawe yakabebwa vichwani na watu wa mtaa, na likawekewa milango miwili. Mkubwa, mbele, unaotazama barabara, ulikuwa wa wazungu na wageni wao. Mdogo, ubavuni, ulikuwa wa wapishi, wapagazi, waashi na wote waliolijenga. Mlango mkubwa ulichongwa na seremala mmoja wa mtaa, baba mzazi wa babu yake Chiriku: mbao mbili nzito zinazokutana katikati, zimejaa maua toka juu hadi chini, kazi ya kumfanya mtu asimame na mzigo kichwani. Alipomaliza, akauliza siku ya ufunguzi yeye apite wapi. Akaonyeshwa ubavuni.

Seremala hakubisha. Akashukuru, akaweka patasi zake mfukoni, akaenda zake.

Siku ya ufunguzi akaja Bwana Mkubwa wa serikali, kofia yenye manyoya, bendi ya tarumbeta nyuma yake. Akausukuma mlango. Mlango kimya. Akasukuma na padri wake. Kimya. Wakaja askari, wakahesabu, wakausukuma kwa mabega. Tarumbeta zikapigwa tena toka mwanzo ili kupoteza muda. Wakamwita seremala. Seremala akaugonga mlango, akaweka sikio, akatikisa kichwa kama daktari.

"Mbao zimevimba, Bwana," akasema. "Mvua ya mwaka huu! Zikikauka utafunguka wenyewe."

Jua nalo lilikuwa linawachoma wageni wa heshima bila kujali vyeo. Basi ikabidi Bwana Mkubwa azunguke ubavuni, ainame, maana mlango ule ni mfupi, kofia ikagonga kizingiti ikaanguka, na akatokea pale karibu na altare mbele ya wapishi, wapagazi na waashi waliokuwa wameshakaa zamani. Wengine husema kikohozi cha kwanza kilikoholewa siku hiyo. Hiyo ni chumvi, lakini ni chumvi tamu, na Chiriku alikusudia kuibakiza.

Kuvunja ule mlango kukawa hakuwezekani: fundi mwashi alisema upinde wa mawe ungeshuka. Kila paroko aliyefuata akasubiri ukauke. Na kila paroko, kuuzuia usinywe maji zaidi, akaupaka rangi. Wakoloni wakaondoka, mlango bado umevimba. Wajukuu wa waashi wakazeeka, mlango bado umevimba. Nyuma yake, kwa ndani, pakageuka stoo ya kila kitu kilichovunjika na kinachoonewa huruma.

*

Sasa, kuna mtu mmoja ambaye hadithi hii haikumchekesha sana, naye ni Babu.

Alipokuwa kijana, amefungua karakana yake mwenyewe, alitangaza kwamba ataufungua mlango wa baba yake. Mtaa ukajaa kutazama. Akaja na nyundo, patasi na mtaimbo, akahangaika toka asubuhi hadi watu wakaenda kula wakarudi. Mlango haukumpa hata ufa wa kupitisha kisu. Tangu siku hiyo wakamwita Fundi Mlango. Naye aliitika, alicheka, alijibu utani kwa utani. Ila alipopita mbele ya kanisa alitazama upande wa pili wa barabara.

"Baba aliniambia mlango haujavimba, umenuna tu," alimwambia Chiriku siku moja wakipiga msasa. "Nikamuuliza unabembelezwaje? Akacheka, akaahidi kunionyesha nikikua. Nikakua, yeye akawa ameshazikwa. Mimi sitaki makuu, mke wangu. Nataka niupite mara moja tu, kwa miguu yangu, halafu waniite jina wanalotaka."

Babu alimwita mjukuu wake huyo mke wangu tangu alipozaliwa, na Bibi akamwita mke mwenzangu, na ugomvi wa ndoa hiyo ya watu watatu ulikuwa hauishi.

Basi Alhamisi ya wiki ya jubilei, kamati ikatoa uamuzi. Mwenyekiti wake alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma, mtu mkarimu, mwenye kifua kama pipa, ambaye hakuona tatizo lolote duniani lisilotibika kwa chuma. Alikuwa ametengeneza mlango mpya kwa mikono yake, bure, wenye misalaba na njiwa.

"Askofu hawezi kuingilia ubavuni kama mleta maziwa!" aliwaambia. "Jumamosi asubuhi natoa gogo lile, jioni chuma kimesimama. Upinde nitautegemeza kwa nguzo zangu. Chuma hakivimbi, jamani!"

Watu walipiga makofi. Chiriku alipiga nusu kofi, mikono ikamgandia hewani.

Nyumbani Babu alipokea habari bila kunyanyua macho kwenye sahani yake.

"Vizuri," alisema. "Jumapili mtanisimulia ilivyokuwa."

"Kwani wewe hutakuwepo?" Bibi aliuliza.

"Nitakuwa naumwa."

"Unaumwa nini?"

"Sijaamua."

Bibi alimkonyeza Chiriku aache kuongea, jambo ambalo ni sawa na kumkonyeza mto uache kutiririka. Hata hivyo, kwa mara ya kwanza, Chiriku hakuwa na la kusema. Akainuka tu, akaenda chumbani kumtolea Babu shuka la kujifunika.

Shuka liliishi kwenye kasha la Bibi. Kasha hilo lilichongwa na yule yule seremala wa zamani, akampa mkewe, mkewe akampa mkwewe, yaani Bibi, pamoja na sharti: mwanamume haligusi. Sharti hilo Babu alilitii kuliko amri kumi. Akitaka shati, anaagiza. Akitaka soksi, anaagiza. Kasha likifunguliwa naye yumo chumbani, anageukia ukutani kama mtoto aliyeadhibiwa, akilalamika kwamba hata pasi yake ya kusafiria imefungwa na wanawake. Kufuli halikuwa nalo wala tundu la ufunguo. Chiriku alishika ua la pembeni, akaligeuza, akavuta, kifuniko kikaachia. Alikuwa akilifanya hivyo tangu hajaota meno ya mbele. Hakuwa akiliwaza zaidi ya mtu anavyowaza kumeza mate.

*

Ijumaa alikwenda kwa Paroko na kitambaa cha kichwa kimefungwa kwa vita.

"Baba Paroko, kama mlango unavunjwa kesho, niruhusu leo niukwangue rangi. Nataka kipande kimoja cha maua kibaki, nimwonyeshe Askofu wakati wa kusimulia. Historia bila ushahidi ni umbea."

"Na wewe umbea huutaki."

"Siku moja moja napumzika."

Paroko akacheka, akampa ngazi.

Alianza kukwangua kwa kile chuma bapa cha karakana, na alichokikuta kilimfanya azungumze peke yake mbele ya barabara nzima. Historia ya parokia ilikuwa imepakwa pale pale, rangi juu ya rangi. Juu kabisa kahawia, ya paroko aliyetangulia, mtu wa kubana matumizi. Chini yake kijani cha yule aliyependa mpira na timu yake ilivaa kijani. Halafu bluu, ya padri aliyeanzisha kwaya na kukimbiwa na kwaya. Halafu kijivu, kijivu, kijivu, mapadri wa kizungu wanaosubiri mbao zikauke.

"Shikamoo, Baba wa Kijani," alisema kila ganda lilipoanguka. "Marahaba. Na wewe wa Kijivu, hujakauka tu?"

Wapita njia walisimama. Mama muuza matunda wa upande wa pili alimwuliza kama ana homa.

Alifanya kazi mpaka jioni, akarudi Jumamosi alfajiri. Akawa ameshuka hadi kwenye mbao zenyewe, pale katikati, mahali zinapokutana. Maua yalitokea moja baada ya jingine, mazito, yamejaa petali, kila ua pacha wa mwenzake. Hodari wee, alimwambia babu mkuu ambaye hakuwahi kumwona. Akapangusa ua lililokuwa usawa wa kifua chake, akalipuliza vumbi, akataka kuendelea na la chini yake.

Akarudi.

Ua hili lilikuwa na petali pungufu. Moja ilikosekana upande wa kushoto, na si kwamba imevunjika, haikuchongwa kabisa. Mkono wake ulilijua kabla ya kichwa. Ndilo ua ambalo vidole vyake vilikuwa vikilishika maisha yake yote.

Akachomoa simu, akampigia Bibi. Simu ya Bibi nayo iliishi ndani ya kasha, kwa ajili ya wezi, hivyo ikaita weee mpaka ikapokelewa.

"Nani tena anapiga asubuhi yote hii?"

"Bibi, kasha umelifungua?"

"Sasa simu nimeitoaje, kwa maombi?"

"Umelifunguaje?"

"Chiriku, umekula?"

"Bibi, nieleze tu, tafadhali! Polepole."

"Haya. Lile ua lenye pengo. Unaligeuza shingo upande wa pengo, halafu unalivuta. Si nilikufundisha mwenyewe? Huo usahaulifu umeutoa kwa babu yako."

Chiriku aliweka mkono juu ya ua, akaligeuza upande wa pengo. Rangi ya miaka mia ikalia kama biskuti. Ua likasogea, unywele mmoja tu.

Akaondoa mkono haraka kama aliyegusa pasi ya moto.

Angeweza kuvuta. Mwili wote ulimwomba avute, na mdomo ulikuwa tayari umeshaanza kutunga namna ya kujisifia. Lakini alimkumbuka Babu akitazama upande wa pili wa barabara, akakipiga kiganja chake mwenyewe.

"Bibi," alisema, "mlete Babu kanisani. Sasa hivi."

"Ameshaamua kuumwa mgongo. Amelala."

"Mwambie..." Chiriku alifikiri, jambo lililomchukua muda kwa kuwa halikuwa desturi yake. "Mwambie mlango umeacha kununa."

Upande wa pili ndala zikaburuzwa sakafuni haraka. Kisha akasikia sauti ya Bibi, mbali na simu: "Wewe mzee! Vaa suruali!"

*

Hapo hapo gari la Mwenyekiti likafika, limebeba mlango wa chuma, nguzo, mashine ya kukatia, mitaimbo, na vijana wa karakana yake wenye misuli hata shingoni.

"Hongera kwa usafi, mwanangu," Mwenyekiti alisema akikunja mikono ya shati. "Umeipamba maiti. Sasa shuka kwenye ngazi tuuzike."

"Subiri kidogo, Mwenyekiti. Nataka kwanza nijaribu hotuba yangu. Askofu kesho, leo wewe."

"Mimi nina kazi."

"Umo ndani yake."

Mwenyekiti aliteremsha mtaimbo. "Nimo?"

"Ukurasa mzima!" alisema Chiriku, ambaye hakuwa ameandika hata mstari. Akaegemeza mgongo juu ya lile ua, akanyoosha mikono, akaanza. Aliwasimulia mawe yalivyobebwa. Aliwasimulia juu ya babu yake Mwenyekiti, aliyekuwa mwashi, kwamba ndiye aliyenyanyua jiwe la juu ya upinde peke yake. Kama ni kweli Mungu anajua, lakini kifua cha Mwenyekiti kilipanuka hadi kifungo kikalalamika. Alimwigiza Bwana Mkubwa akisukuma mlango, tarumbeta akazipiga kwa mdomo. Vijana wa misuli walikaa juu ya nguzo, mmoja akalia kwa kucheka. Mama muuza matunda alivuka barabara na kiti chake. Mchezo ukawa mtamu, watu wakajaa, na kila hadithi ilipotaka kuisha Chiriku aliifungulia dirisha ikatokea nyingine.

"Chiriku," alisema Mwenyekiti hatimaye, akifuta macho, "unanichelewesha makusudi. Sogea."

"Dakika moja."

"Sogea, mwanangu. Chuma hakivimbi."

Akamshika mabega kwa upole wa mtu anayehamisha chungu cha maua, akamweka kando. Kijana mmoja akaupachika mtaimbo pembezoni mwa fremu. Chiriku alitoa macho kama mjusi aliyebanwa na mlango.

"Anayegusa mlango wa baba mkwe wangu nitamlaani mpaka pikipiki yake!"

Bibi huyo, anakuja katikati ya barabara, khanga begani, simu mkononi. Nyuma yake Babu, aproni ya kazi juu ya suruali ya kulalia, ndala mguuni, mgongo mzima kabisa. Watu wakampisha. Alifika mbele ya mlango, akasimama. Hakuwa amewahi kuyaona maua yale bila rangi. Aligusa moja, akagusa jingine, kama mtu anayesalimia ukoo msibani, ila anatabasamu.

"Baba alikuwa na mkono," alisema.

"Babu, lile pale," Chiriku alinong'ona. "Lenye pengo. Ligeuze."

"Ligeuze wapi?"

"Upande wa pengo, kama kasha!" alisema Bibi.

"Mimi kasha nalijulia wapi? Miaka yote hii mmenigeuza ukutani!"

Umati ukaangua kicheko. Bibi akajishika kiuno ajibu. Akautazama mlango, akamtazama mumewe, akaanza kucheka taratibu, bega moja, halafu la pili.

"Ewe Mungu. Mama mkwe! Kila Jumapili tukipita hapa alikuwa anacheka peke yake. Nilidhani ni utu uzima umemwingia. Kumbe alikuwa anawachekeni nyinyi na mitaimbo yenu!"

"Na hakusema?" Babu aliuliza.

"Kuna mwanamume aliyewahi kumuuliza?"

Babu akageukia mlango. Aliweka mkono wake mpana juu ya ua, akaligeuza upande wa pengo. Rangi ikapasuka. Akavuta. Ua likatoka zima zima pamoja na kijiti chake kirefu, kikavu, cheupe kama kimechongwa jana, na ndani ya unene wa mbao kitu kizito kikaanguka: *kh'do!* Komeo. Lilikuwa limefichwa humo miaka mia, likisubiri mtu wa kulibembeleza.

Babu alisukuma kwa vidole tu.

Bawaba zikalia. Zililia kilio kirefu, cha juu, cha punda aliyekanyagwa, na kama kuthibitisha, mlango ulipofunguka kiasi cha bega, aliyechungulia toka gizani alikuwa punda: yule wa plasta wa pango la Noeli, sikio moja, aliyetupwa stoo enzi za Baba wa Bluu. Mama muuza matunda alipiga ukelele, kisha akamsalimia.

Vijana wa misuli waliingilia ubavuni, wakahamisha punda, mabenchi mabovu, kinanda kisicho na meno na bendera za vyama vilivyokufa. Kisha wakavuta mbao zote mbili. Mwanga wa asubuhi uliingia, ukatembea katikati ya kanisa ukiwa peke yake mpaka ukafika altareni, mahali ambapo haukuwahi kufika tangu kanisa lijengwe. Paroko, aliyetoka sakristia na mswaki mdomoni, alisimama katikati ya huo mwanga asijue atemee wapi.

"Pita, Babu!" Chiriku alisema. "Pita!"

Babu alitazama ndala zake. Akatazama suruali ya kulalia.

"Hivi?" alisema. "Baba yangu amesubiri miaka mia, nimpitie na ndala? Kesho. Na viatu."

Mwenyekiti alikuwa ameshika mtaimbo wake kama mshumaa. Alipitisha kiganja juu ya mbao, akachungulia lilipotoka ua, akaguna.

"Hazikuvimba hata kidogo," alisema. Akafikiri. "Chuma changu tutakiweka geti la nje. Punda huyu naye nitamchomelea sikio. Na hizi bawaba, mzee, ngoja nikuletee grisi."

"Usiguse bawaba zangu," alisema Babu. "Ziache ziseme."

*

Jumapili Askofu aliingilia mlango mkubwa, kwa maandamano, uvumba na ngoma. Aliingia peke yake na mapadri wake, maana waumini wote, kwa mazoea, walikuwa wamejazana ubavuni, wakiinama mmoja mmoja chini ya kile kizingiti kifupi. Aliwasubiri, na mlango mkubwa ukarudishwa nyuma yake. Chiriku mwenyewe aliwahi, akaketi, na jirani zake wakamgusa paji la uso.

Babu na Bibi hawakuonekana. Yakapita masomo, yakapita mahubiri, na Chiriku akawa anageuza shingo kama feni. Mwishowe Paroko akampa kipaza sauti, na ikabidi aanze. Akasimulia mawe, akasimulia kofia ya manyoya na kikohozi cha kwanza, Askofu akacheka mpaka kofia yake mwenyewe ikayumba. Akasimulia rangi za maparoko. Akafika kwa seremala aliyeuchonga mlango akaonyeshwa ubavuni.

"Basi, Baba Askofu, yeye hakuwahi kuupita," alisema, akageuza shingo tena, "na mwanawe, ambaye ni babu yangu, na ambaye mpaka sasa sijui amepotelea..."

Nyuma ya waumini, bawaba zikalia.

Zililia kwa raha zao, toka mwanzo hadi mwisho, bila kuruka kituo. Kanisa zima likageuka. Kwenye mlango ule, jua likiwa mgongoni kwake, alisimama Babu: suti nyeusi, viatu vinavyong'aa hadi vinatukana, shati jeupe limekunjika vibaya. Bibi alikuwa amemshika mkono, uso umejaa aibu na kicheko.

"Msinitazame mimi," Bibi alisema, na ukimya ule ukaipeleka sauti yake mpaka altareni. "Leo nimemruhusu achukue shati kwenye kasha mwenyewe. Tangu alfajiri anafungua, anafunga. Anafungua, anafunga!"

Babu hakumsikia. Alitazama chini, akainua mguu wa kulia, akauvusha. Akauvusha wa kushoto. Kisha akasimama pale, ndani, kifua mbele, akiwasubiri watu wafanye wanachopaswa kufanya.

Waumini walitazamana. Mbele ya Askofu? Katekista aliziba mdomo wake kwa mkono. Mwenyekiti alikuwa amevimba mashavu kwa kujizuia. Chiriku aliuma kipaza sauti.

Ndipo huko juu, kwenye kiti kikubwa, mtu mmoja akakohoa kwa heshima, mara moja. Alikuwa Askofu.

Kanisa likalipuka. Walikohoa wazee wa mbele, ikakohoa kwaya kwa sauti nne, wakakohoa watoto wa mafundisho mpaka wengine wakapaliwa kweli, na Fundi Mlango akasimama kwenye njia ya katikati, mikono nyuma, akakoholewa hadi akashiba.